Mtandao Upi Umekatika?

Nyie mnaoanza kufundisha mitandao ya kompyuta, nawaandikia kwa sababu wawili kati yenu walinifuata hapa nyumbani Rau wakaniuliza jambo moja: mada ya aina za mitandao inafundishwaje mpaka ieleweke? Niliwapa chai na ndizi, nikawajibu juujuu, wakaondoka wakitikisa vichwa kama watu waliopewa dawa bila kuambiwa wanywe lini. Sasa nina nafasi. Nimestaafu, ng'ombe ameshakamuliwa, hakuna kengele inayonisubiri. Nitawaeleza kama nilivyotakiwa kuwaeleza siku ile.

Nilifundisha chuo cha ufundi hapa Moshi kwa miaka mingi. Mada hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote kwenye muhtasari wa somo, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Unachora duara dogo ubaoni: mtandao binafsi, ule wa simu yako na saa yako ya mkononi. Unazungushia duara la pili: mtandao wa eneo dogo, LAN, wa ofisi moja au shule moja. Duara la tatu: mtandao wa mji, MAN, unaounganisha majengo yaliyo mbalimbali katika eneo moja. Duara la nne: mtandao mpana, WAN, unaovuka mikoa na nchi, na intaneti ndiyo mkubwa wake. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanapata alama. Kisha unampeleka mmoja wao kwenye ofisi yenye swichi, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, iliyojaa vumbi na nyaya zilizosokotana kama utumbo wa mbuzi, unamwona amesimama pale anatafuta duara.

Aliyenitangulia kufundisha somo hili alikuwa Mzee Kirit. Alizaliwa hapahapa Moshi, familia yao ya Kihindi ilikuwa na duka la redio, na yeye alisomea umeme kabla ya kuja kwetu kufundisha kwa vipindi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu, na Kichagga alikuwa nacho cha kutosha kununulia ndizi bila kupunjwa. Mzee Kirit hakuchora maduara. Aliingia, akashika waya wowote uliokuwa karibu, akauliza, "Huu ukikatika, utampigia nani?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu.

Nilikaa nyuma ya darasa lake muhula mzima kabla sijaelewa anachofanya. Vitabu vingi vinapanga mitandao kwa umbali, na umbali ni kweli, lakini haukusaidii sana kazini. Nenda pale mjini kwenye maduka yaliyopakana ukuta kwa ukuta. Ujumbe unaotoka kaunta ya duka hili kwenda kaunta ya duka la jirani unaweza kuteremka mpaka Dar es Salaam na kurudi, wakati wenye maduka wakigonga ukuta wanasikiana. Wamekaribiana, lakini hawako kwenye mtandao mmoja wa ndani. Kuna shamba kubwa huko tambarare lenye ofisi, ghala na karakana, kutoka moja mpaka nyingine unachoka miguu, na vyote viko kwenye LAN moja, fundi mmoja, ufunguo mmoja. Kwa hiyo Mzee Kirit aliwafundisha kuuliza nani mwenye nao, nani anautunza, unaishia wapi na wa mwingine unaanzia wapi. Ukubwa utajionyesha wenyewe.

Mimi niliyachanganya yote mawili, maduara na swali lake. Lakini nawaambia ukweli, hata hilo swali wanafunzi waliligeuza likawa la kukariri. "LAN, nampigia fundi wa ofisi. WAN, nawapigia kampuni." Wanaandika hivyo kwenye karatasi, na wewe huna sababu ya kuwanyima alama.

Sasa nifike kwa Godlisten.

Godlisten alikuwa kijana wa Uru, mpole, mwandiko kama wa mashine. Kwenye mtihani alieleza aina zote za mitandao kwa maneno yaleyale ya ubaoni, na nukta zilezile. Nikampa alama zote, nikaandika pembeni, "Umekariri vizuri." Alikuja ofisini kunishukuru kwa kumsifu. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Mafunzo kwa vitendo yalipofika tulimpanga kwenye shule moja ya sekondari ya wasichana, Machame, kule juu ambako vihamba, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa, vinapanda mpaka karibu na msitu. Shule ile ilikuwa na chumba kizuri cha kompyuta. Intaneti waliipata kwa msaada wa jirani yao, usharika wa kanisa uliokuwa ng'ambo ya bonde. Ofisi ya usharika ilikuwa na laini inayotoka mjini, nao wakakubali kuwagawia shule. Kukafungwa antena moja kwenye mnara wa usharika na nyingine kwenye paa la shule, zikatazamana juu ya bonde. Kwa hiyo shule ilikuwa na LAN yake, katikati kukawa na kiungo cha kijiji na kijiji, na baada ya hapo dunia nzima. Mfano safi kabisa wa kufundishia. Nilimpeleka Godlisten pale makusudi.

Siku ninayoisimulia nilikuwa niko njiani kwenda Machame kukagua wanafunzi wetu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Simu ikaita.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba Godlisten. Mnaendeleaje hapo?"

"Madam, mtandao umekatika. Mwalimu wa taaluma amesimama hapa nyuma yangu. Leo ndiyo mwisho wa kusajili watahiniwa wa kidato cha nne."

"Mtandao upi umekatika?"

Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake.

"Mtandao, Madam. Wote."

"Hakuna kitu kinachoitwa wote. Nakuja. Usichomoe waya wowote mpaka nifike."

"Nimeshachomoa zote, Madam."

Nilikuta nyaya zimelala sakafuni chumba kizima, na Godlisten amechuchumaa katikati yake, mikono michafu, hajala. Mwalimu wa taaluma, Elirehema, alikuwa anatembea kutoka dirishani kwenda mlangoni na kurudi. Alikuwa mtu mzuri, namfahamu tangu zamani, lakini siku ile alikuwa ameshikwa pabaya. Kwa majuma kadhaa intaneti ilikuwa inakuja na kuondoka. Jua likiwaka inafanya kazi kidogo, mvua ikinyesha inazimika. Kila mara alipojaribu kupeleka majina ya wasichana na picha zao, yalikwama njiani. Fundi aliyeitwa alibadilisha rauta, ikawa vilevile. Usajili ukifungwa bila majina kufika, darasa zima la kidato cha nne lingekuwa halina mtihani mwaka ule.

Wasichana wenyewe walishasikia. Walisimama kwenye baraza la madarasa wamejikunyata ndani ya masweta, hawapigi kelele, wanatuangalia tu. Kelele ingekuwa nafuu.

"Mwalimu," Elirehema akaniambia, "huyu kijana wako amefungua kila kitu. Nimemwuliza tatizo ni nini, ananiambia mitandao iko ya aina nne."

Nilivua koti nikamwambia Godlisten turudishe nyaya. Zilipokaa sawa nikamwambia, "Kaa kwenye hii kompyuta. Ita ile ya ofisi ya mhasibu."

Nyie mnajua namna ya kuita kompyuta nyingine ili ione kama inasikia. Ni amri ya neno moja. Godlisten akaiandika. Ile ya mhasibu ikajibu papo hapo.

"Ita seva."

Seva ikajibu.

"Fungua faili la usajili kwenye kompyuta ya mwalimu wa taaluma, ile iliyoko jengo la pili."

Likafunguka. Majina yote, picha zote.

Akaangalia kioo. "Madam, LAN ni nzima."

"Ilikuwa nzima tangu asubuhi?"

"Nadhani ndiyo."

"Kwa hiyo ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilikuwa nampasua mgonjwa mguu ulio mzima," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona amesema kitu ambacho hakukikariri.

Baada ya hapo sikumwambia la kufanya. Nilikaa kwenye kiti nikanyamaza, na hilo nawaomba mlifanye mara nyingi kuliko mnavyodhani inafaa. Aliita antena iliyo juu ya paa la shule, ikajibu. Akaita ile ya mnara wa usharika, haikujibu. Akachukua simu akampigia katibu wa usharika, akamwamkia vizuri, akamwuliza kama wao wana intaneti. Wanayo. Katibu alikuwa ameifungua hata wakati ule, anasoma habari.

"Basi ni hapa katikati," Godlisten akasema. "Si kwetu, si kwao, wala si mjini. Ni hapo katikati."

Akaomba ngazi. Mvua ilikuwa imepungua imebaki manyunyu. Akapanda paa, akajisogeza mpaka kwenye antena, akalaza shavu lake pembeni mwa antena, akaangalia inakoangalia. Kisha akaniita kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayehofu kusikika.

"Madam, mnara hauonekani. Kuna mti."

Ulikuwa mgrevilea, ule mti tunaoupanda kwenye vihamba kuipa kahawa kivuli na baadaye kupasua mbao. Antena zilipofungwa mti ule ulikuwa haujafika popote. Ulikuwa umekua tu, kama miti inavyokua, na sasa kilele chake kilikaa katikati kabisa ya njia. Majani yakikauka, kidogo kinapita. Yakilowa, hakipiti kitu. Mawimbi ya antena hayapendi majani yenye maji.

Elirehema aliposikia neno mti, alipata nguvu. Alikuwa ametembea asubuhi nzima bila kitu cha kushika, sasa amepata. Akamwita mhudumu wa bustani alete shoka, akaelekea uzioni. Sisi tukamfuata.

Kihamba kilichopakana na shule kilikuwa cha Bibi Ndeanansia, mjane, mtu mzima sana, lakini bado alikuwa anakata majani ya ng'ombe mwenyewe. Tulimkuta hapohapo chini ya migomba, ameinama na mundu wake. Alimwona Elirehema, akaliona shoka, akasimama wima.

"Shikamoo bibi," Elirehema akasema.

"Marahaba. Hilo shoka linakwenda wapi?"

"Bibi, mti wako huu unatuharibia mtandao. Tuna dharura. Tunaomba tuushushe, shule itazungumza na wewe baadaye."

"Baadaye," Bibi akarudia. Akaweka mundu juu ya mzigo wa majani, akaenda taratibu akaegemea mgrevilea wake. "Kuna mtu alikuja hapa mwaka ule na mashine ya kukatia, akasema jirani amempa ruhusa. Aliangusha miwili ikalala juu ya kahawa yangu. Naye alisema tutazungumza baadaye. Mti huu ni wa kupaulia nyumba ya mwanangu wa mwisho. Hauangushwi leo."

"Bibi, ni watoto wa watu. Hawatafanya mtihani."

"Watoto wa watu nawafahamu, wanakuja kuniombea maji hapa. Mti hauangushwi."

Elirehema akanigeukia mimi, kama mwalimu mwenzake, nimsaidie. Mhudumu wa bustani alikuwa ameshalificha shoka nyuma ya mguu wake. Na hapo ndipo Godlisten alipopita mbele yetu, akamwamkia Bibi upya kwa Kichagga, kwa adabu, akainamisha kichwa. Cha Uru na cha Machame havifanani sana, lakini walisikilizana. Kisha wakaendelea kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu.

"Bibi, hatuukati," alisema. "Hata tukiukata sasa hivi, mpaka uanguke na mpaka tuielekeze antena tena, jioni itafika na usajili utakuwa umefungwa. Naomba kitu kingine. Hapo juu kwenye baraza lako, simu inashika vizuri?"

"Inashika. Wanangu wakija wanakaa pale na simu zao mpaka chai inapoa."

"Tunaomba kukaa pale."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu, bibi. Na kompyuta moja ndogo."

Bibi akamtazama Elirehema, akaangalia mti, akamtazama tena kijana. "Kaeni," akasema. "Lakini mnieleze mnafanya nini. Sitaki kuona watu barazani kwangu nisijue wanafanya nini."

Niwaeleze mpango wake, maana nyie ni watu wa kazi. Shule iko bondeni, simu pale hushika kwa shida, na kwa picha za wasichana wote haifai. Nyumba ya Bibi iko kwenye mgongo wa kilima, mnara wa simu unaonekana waziwazi. Godlisten alirudi shuleni, akavuta faili la usajili kwa LAN kutoka kompyuta ya Elirehema kuingia kwenye kompyuta ndogo, jambo lililochukua muda wa kukohoa tu. Akapanda nayo kwa Bibi. Akawasha simu yake igawe intaneti, akaiunganisha na kompyuta ile. Ule ndio mtandao binafsi, duara dogo kabisa la ubaoni, simu na kompyuta mezani. Kupitia simu akatoka kwenda kwenye mtandao mpana bila kugusa kile kiungo cha katikati kilichozibwa na mti. Nilimwangalia akifanya hayo, na sikumwona akitafuta duara.

Majina yakaanza kwenda. Picha zilikwenda polepole. Bibi akaleta chai ya maziwa na sahani ya ndizi, akavuta kigoda akakaa.

"Haya," akasema. "Nieleze."

Godlisten alifikiri kidogo. Nilidhani atamwambia mitandao iko ya aina nne.

"Bibi, maji ya mfongo yanafika hapa kwako?" Mfongo ni ule mfereji wetu wa asili unaoleta maji ya mlimani mpaka vihambani.

"Siku yangu ya zamu yanafika."

"Yakishaingia kwenye kihamba chako, vijifereji vya humu ndani nani anavizibua?"

"Mimi."

"Na mfongo wenyewe, ule unaopita kwa watu wote?"

"Tunatoka wote, mwenyekiti wa mfongo anatuita. Asiyetoka hapewi maji."

"Na mto kule juu?"

"Mto ni wa kule juu. Sina amri nao."

"Shule ina vijifereji vyake vya ndani. Hivyo ni vizima. Nilivichimbua asubuhi nzima bila sababu. Mto nao ni mzima, huko mjini na mbele ya mjini. Kilichoziba ni mfongo, kati ya shule na usharika. Na leo tumekuja kuchota mtoni moja kwa moja kwa ndoo, kwa sababu hatuna muda wa kuzibua."

Bibi akanywa chai yake. "Mwenyekiti wa huo mfongo wenu ni nani?"

Godlisten akamtazama Elirehema. Elirehema akanitazama mimi.

Hakuwapo. Shule ilikuwa inatunza antena yake, usharika unatunza yake, na katikati kila mmoja alidhani ni pa mwenzake. Hakuna aliyewahi kupewa kazi ya kusimama siku moja moja na kutazama kama njia iko wazi. Godlisten alisema hivyohivyo, bila kupamba. "Hana mwenyekiti, bibi."

"Basi ndiyo maana," Bibi akasema, akaenda kuongeza chai.

Kazi ilikuwa imepita nusu simu ya Godlisten ilipoita. Ilikuwa mama yake, kutoka Uru, anataka kujua kama amekula. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani kidogo, ikiita, data inasimama. Kompyuta ikasema imeshindwa kutuma. Elirehema alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, nimekula, nakupigia jioni," Godlisten akasema, na akakata. Tukaanzia pale ilipokwamia. Kuanzia siku hiyo nilipofundisha mtandao binafsi niliwaambia wanafunzi kwamba una mwenye wake mmoja, na mwenye ana mama. Kabla hujaukabidhi kazi kubwa, mpigie mama kwanza.

Mchana ulikuwa unaelekea kwisha mfumo ulipokubali jina la mwisho. Elirehema aliomba aone mwenyewe. Akashusha orodha kwa kidole, jina kwa jina, hakuruka hata moja. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akainuka akaenda alipokaa Bibi Ndeanansia, akainama mbele yake, akazungumza naye kwa Kichagga cha Machame. Mimi si wa Machame, nilishika maneno machache. Nilishika neno mti, na nilishika neno samahani kwa sababu alilisema kwa Kiswahili. Bibi alimshika mkono akawa anaupigapiga taratibu kama unavyombembeleza mtoto. Akaita mjukuu amtilie mwalimu chai, maana yake ilikuwa imepoa haijaguswa.

Jinsi mambo yalivyoisha ni hivi. Majuma mawili au matatu baadaye tulifunga nguzo kwenye banda la ng'ombe la Bibi, yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha kona isiyovuja. Antena moja inatazama shule, nyingine inatazama mnara wa usharika. Njia ikapinda ikaupita mti. Mgrevilea ulibaki, ukaendelea kukua mpaka mwana wa mwisho wa Bibi alipoanza kujenga. Shule na usharika walikaa kikao kimoja kifupi, wakaandikiana nani anatunza nini, na kipande cha katikati kikapewa mtu. Shule ikampelekea Bibi intaneti nyumbani kama shukrani. Alisema yeye haitaki, lakini wajukuu walianza kuja kumsalimia mara nyingi zaidi, na hilo hakulikataa.

Wasichana walifanya mtihani wao. Wengine walifaulu vizuri, wengine kawaida, kama darasa lolote.

Godlisten alirudi chuoni kumalizia mwaka. Kwenye mtihani wa mwisho swali lilikuja tena: eleza tofauti za aina za mitandao. Safari hii mwandiko wake ulikuwa mbaya, amekatakata, ameandika na kufuta. Alieleza shule moja kwenye mteremko, vyumba vyake, bonde, mnara, na mwisho wa kila kipande akasema nani anakitunza. Mkaguzi wa nje aliyepitia karatasi alitaka kumpunguza kwa sababu hakutoa fasili. Tulibishana. Nikamwomba achukue maelezo yale achore ramani ya mtandao ule bila kuniuliza chochote. Akaichora, ikawa sahihi. Alama zikabaki.

Kwa hiyo, mkiniuliza tena mada hii inafundishwaje, jibu langu si kwamba mtupe maduara. Chora maduara, yanasaidia kukumbuka majina. Lakini kabla mwanafunzi hajakariri, mpe mtandao uliokufa kipande kimoja tu, na vingine vyote vizima, umwache akitafute. Chomoa waya mmoja kabla darasa halijaanza. Zima rauta uache swichi. Halafu kaa. Atakuuliza, usimjibu. Mwulize ni upi. Akishaweza kukuambia vilivyo vizima, amekwisha kujua tofauti, hata kama majina bado yanamchanganya.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulipokea darasa jipya. Siku ya kwanza huwa nawauliza kila mmoja kwa nini amechagua mitandao, na majibu ni yaleyale: ajira, mjomba kasema, sikupata nafasi kwingine. Akasimama msichana mmoja mrefu, jina lake Anjela, akasema alisoma shule ile ya Machame na alikuwa kidato cha nne siku ile.

"Tuliambiwa huenda hatutafanya mtihani," akasema. "Tukawa tunawaangalia kutoka baraza la madarasa. Tulikuona Madam, na mwalimu wa taaluma, na yule kaka. Mmekaa kwa bibi, mnakunywa chai, mnaongea. Hakuna anayekimbia. Tukajua basi, wamekata tamaa. Wengine wakaanza kulia." Akatabasamu kidogo. "Jioni tukaambiwa tumesajiliwa wote. Nikataka kujua mlikuwa mnafanya nini pale."

Nilimwambia achukue daftari lake aje akae mbele.